Nyota Isiyoonekana Unguja

Kitabu chenyewe nilikinunua soko la Mwanakwerekwe, kwa muuza mitumba. Kando ya lundo lake la mashuka alikuwa ameweka vitabu vilivyochakaa: vya mapishi, vya kufundishia kompyuta ambazo siku hizi hazipo tena, na hicho kimoja chenye jalada la buluu na picha ya nyota. Kilikuwa cha Kiingereza, kimeandikwa kwa ajili ya watu wa kawaida wanaopenda kutazama mbingu bila ya kuwa wataalamu.

"Maalim, na wewe unasoma mambo ya nyota?" muuzaji akaniuliza.

Nikamwambia kwamba nyota nimezisoma kabla yeye hajazaliwa. Maneno hayo nayakumbuka kila siku, na kila siku naomba maghufira.

Sikuwa nasema uongo. Nimesomesha chuoni hapa Mji Mkongwe zaidi ya miaka arubaini, na katika niliyoyapokea kwa mwalimu wangu ni elimu kidogo ya falaki: nyakati za swala, miezi, na namna ya kuijua kibla. Kitabu cha Kiarabu tulichosomea kilisema kuwa ipo nyota moja upande wa kaskazini ambayo haiondoki mahali pake, nyota nyingine zote huizunguka. Sisi wa Unguja Makka iko kaskazini yetu karibu sawasawa. Kwa hiyo, nikiwaambia wanafunzi, mwenye kuielekea nyota ile ameielekea Kaaba. Niliichora ubaoni kwa chaki kila mwaka, nukta moja nene katikati ya mviringo.

Kile kitabu cha buluu nilikisoma polepole baada ya swala ya alasiri, miwani machoni na kamusi pajani. Ukurasa mmoja ulinichukua siku mbili. Sikuona uzito, Mwenyezi Mungu amenipa umri na macho, na mwenye kupewa viwili hivyo hana haja ya kukimbia. Nilifurahi sana nilipojifunza kupima mbingu kwa mkono. Ukinyoosha mkono mbele yako na kukunja ngumi, upana wa ngumi ile ni daraja kumi hivi za anga. Mtu mzima mimi nikawa napanda juu ya sakafu ya paa baada ya magharibi, nanyoosha ngumi kwenye mbingu. Jirani yangu, baharia mstaafu aliyeshika sukani za meli maisha yake yote, aliniona kutoka dirishani kwake.

"Maalim, unagombana na nani huko juu?"

Nikacheka, naye akacheka.

Kisha nikafika kwenye mlango wa kitabu unaoeleza Nyota ya Kaskazini.

Mwandishi alieleza jambo jepesi kabisa. Urefu wa nyota ile juu ya upeo wa macho ni sawa na umbali wako kutoka mstari wa ikweta. Ukiwa mbali sana kaskazini, iko juu ya kichwa. Ukiwa kwenye ikweta, imelala juu ya ardhi. Ukivuka kwenda kusini, huioni tena, mwaka mzima, hata anga iwe safi namna gani.

Unguja iko daraja sita kusini ya ikweta.

Niliisoma aya ile mara tatu. Nikayatafuta kwenye kamusi hata maneno niliyokuwa nayajua, nikitumaini nimefahamu vibaya. Sikuwa nimefahamu vibaya. Nyota niliyoichora ubaoni miaka arubaini ilikuwa chini ya ardhi, na hakuna mwanadamu aliyewahi kusimama Unguja akaiona.

Nikampigia simu binti yangu, ambaye anasomesha sayansi skuli na anakaa Mpendae.

"Ni kweli, Baba. Hata darasani tunawasomesha."

"Tangu lini?"

"Tangu dunia ilipokuwa mviringo, Baba." Kisha akabadilisha sauti. "Kwani kuna nini?"

Nikamuaga. Nilishuka barazani nikamkuta yule jirani yangu baharia anakunywa kahawa, nikamuuliza juu ya nyota ile, ambayo mabaharia wanaiita jaa.

"Jaa? Jaa sisi tunaagana nayo Barawa, huko Somalia, Maalim. Ukishuka chini ya pale ishazama, mpaka urudi. Hilo kila baharia nnayemjua mimi analijua."

"Na miaka yote hii hukunambia?"

"Hukuniuliza! Mambo ya mbinguni mimi ndiye nnayekuuliza wewe."

Akacheka tena, lakini safari hii nilishindwa kucheka naye. Akili yangu ilikuwa imekwenda Kidichi.

Miaka thelathini na zaidi nyuma, wakulima wa Kidichi, watu wa karafuu na mdalasini, walichangishana mawe na saruji wajenge msikiti mdogo. Wakaniita niwapimie kibla. Ilikuwa baada ya mvua za masika kumalizika, tukaswali isha uwanjani, kisha tukasimama kutazama kaskazini. Baina ya mikarafuu miwili, chini karibu na ardhi, ilikuwapo nyota iliyotulia, yenye wekundu kidogo. Nilikuwa kijana bado, nimesimama mbele ya wazee wanaoningoja niseme.

Nikasema, "Hiyo."

Fundi muashi, mzee mpole, akashika nyundo na vigingi. Kabla ya kupigilia akaniuliza, "Maalim, tungoje kidogo tuone kama imetulia kweli?"

Nikamwambia, "Nyota hii haiondoki."

Vigingi vikapigiliwa, kamba ikavutwa, sisi tukaenda kula wali. Laiti ningengoja saa moja tu, ningeiona inasogea. Miezi mingine nilipokuwa Kidichi nikaitafuta nyota ile na kuikosa, nilisema ni mawingu, au ni mikarafuu imekua. Ukuta wa kibla ulisimama juu ya vigingi vile, na watu wakauelekea mara tano kwa siku, waliozaliwa na waliokwisha kufa.

Najua kwamba sheria inamsamehe aliyejitahidi akakosea. Nimelisomesha hilo pia. Lakini je, mimi nilijitahidi? Mwenye kujitahidi angengoja.

Siku ya pili asubuhi nikaenda Kidichi. Desturi yangu kila nikienda ni kupiga simu siku moja kabla, kwa sababu watu wale wakarimu na sipendi kuwakuta hawajajitayarisha. Safari hii sikupiga. Niliona haya hata ya sauti yangu.

Nilifika kabla ya adhuhuri. Msikiti ulikuwa mtupu, mlango wazi, harufu ya mdalasini inaingia kutoka uwanjani. Nikavua viatu, nikaingia, nikasimama pale pale mlangoni.

Majamvi yalikuwa yamepinda.

Hayakulazwa kufuata ukuta. Yote yalikuwa yamegeuzwa kushoto, safu kwa safu, kwa mpango, pembe zake zikiacha sakafu tupu yenye umbo la pembetatu karibu na mihrabu. Nilinyoosha mkono wangu kuelekea ukutani, nikakunja ngumi. Baina ya mahali ukuta ulipoelekea na mahali majamvi yalipoelekea palikuwa na ngumi moja, kamili.

Imamu wa pale ni mwanafunzi wangu wa zamani, mtu mzima sasa mwenye mvi za ndevu. Aliingia na ndoo ya maji, akaniona, ndoo ikamponyoka.

"Shikamoo, Maalim! Mbona hukupiga simu?"

"Marahaba. Majamvi haya yamepinda tangu lini?"

Alianza kuyavuta. Wallahi alianza kuyavuta mbele ya macho yangu, ayanyooshe, huku maji yanatambaa sakafuni.

"Yaache," nikasema. "Tangu lini?"

"Miaka tisa, Maalim." Alikuwa amepiga magoti, hanitazami. "Alikuja mwalimu wa skuli na dira. Tukamwambia dira yake mbovu. Kisha simu zikaja, kila simu inasema vile vile."

"Na mimi nimekuja hapa mara ngapi katika miaka tisa?"

Aliyenijibu ni bibi mmoja aliyekuwa akifagia kizingiti, mjane wa yule fundi muashi.

"Ukija tunayanyoosha, Maalim. Ukipiga simu tu, mwadhini anakimbilia majamvi kabla hata hajaambiwa kuku achinjwe yupi."

"Bibi, nakuomba," imamu akasema.

"Unaniomba nini? Mwenyewe kaingia, kaona. Au tumwambie yamepindishwa na upepo?"

Nikakaa chini. Nilikuja na habari nzito ya kuwatangazia, nikakuta wanayo tangu miaka tisa, wameificha kama vile watu wanavyomficha mgonjwa ugonjwa wake.

"Siku nikija," nikamuuliza imamu, "mnaswali mmeelekea wapi?"

"Ukuta wako, Maalim. Tulimuuliza sheikh mmoja mjini, akasema tofauti ndogo kama ile haibatilishi swala. Tukaona... basi, kwa siku moja moja."

"Kumbe siku nikija, kibla yenu ni mimi."

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini niliona imemchoma, na mimi ikanichoma zaidi. Habari ya nyota ilinitikisa akili. Hili liliingia mahali pengine. Maisha yangu yote nimewasomesha watu wamwelekee Mola wao, na hawa, kwa mapenzi, walikuwa wakigeuka kando kidogo ili nisione haya.

"Mbona hukunambia?" nikamuuliza. "Wewe, niliyekusomesha kwa mkono wangu?"

Alifuta maji kwa kanzu yake muda mrefu kuliko yalivyohitaji.

"Nilijaribu, Maalim. Nilipokuwa na miaka kumi na mbili. Ulipoichora ubaoni nilikuuliza, mbona mimi nyota hii siioni? Ukanambia, huioni kwa sababu macho yako yamejaa michezo. Darasa zima likacheka."

Sikumbuki. Nimejitahidi kukumbuka na siwezi. Yeye amelibeba miaka thelathini, na mimi niliyelisema nimelisahau siku ile ile.

Nikamwomba radhi mbele ya yule bibi. Imamu akalia, akanibusu mkono, akasema maneno ambayo wanafunzi husema. Bibi akaendelea kufagia.

"Marehemu mume wangu aliwahi kunambia," alisema mwishoni. "Ile nyota ilihama hata wali haujesha."

Niliporudi mjini nilikifungua tena kitabu cha buluu. Kwa siku mbili sikutaka hata kukitazama. Lakini kosa halikuwa la kitabu, na nyuma kabisa kilikuwa na jedwali la jua: kila siku ya mwaka jua liko juu ya sehemu gani ya dunia. Binti yangu akanisaidia kukokotoa. Mwishoni mwa mwezi wa Mei, kwa siku moja au mbili, adhuhuri ya Makka inalikuta jua juu ya Kaaba yenyewe. Wakati ule, popote jua linapoonekana, mwenye kulielekea ameielekea Kaaba, na kivuli cha kamba iliyosimama wima hulala kwenye mstari huo huo. Kwa saa zetu ni saa sita na dakika kumi na nane mchana. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Niliwapigia simu Kidichi. Nikawaambia nakuja, na majamvi yasiguswe.

Siku ile watu walijaa uwanjani, wanaume na wanawake. Tulifunga kamba kwenye tawi la mkarafuu, tukaning'iniza timazi ili uzito wake uinyooshe wima, lile lile la marehemu fundi, alilolileta mjane wake kwenye kanga. Saa sita na dakika tano wingu likaja. Mimi niliomba, si kwa ajili ya heshima yangu, maana hiyo ilikwisha kwenda, bali watu wale wasirudi makwao na shaka. Saa sita na robo wingu likapita.

Imamu alishika simu anahesabu. Aliposema "Sasa!" nilikuwa nimekwisha piga magoti. Kivuli cha kamba kilikuwa chembamba kama uzi juu ya udongo. Nikakifuata kwa kisu. Baadaye mafundi waliuvuta mstari ule mpaka ndani, wakaupiga rangi nyekundu sakafuni. Majamvi yaliyopinda yalilala juu yake sawasawa.

Kabla ya adhana nilisimama nikawaambia: ukuta huu niliupima mimi, na nilikosea, na fundi aliniomba tungoje nikakataa.

"Usiseme hivyo, Maalim," mzee mmoja akanikatiza.

"Acheni niseme. Miaka tisa mmenisitiri vya kutosha."

Mwadhini akaadhini. Nikaingia katika safu ya kwanza, ukuta wangu wa zamani uko mbele, umenikalia upande, kama mtu aliyegeuza shingo. Imamu akasimama mbele yetu. Kisha, kwa mazoea ya miaka yote, akageuka kunitazama, akingoja nitikise kichwa ndipo aanze.

"Usinitazame mimi," nikamwambia. "Tazama mstari."

Akageuka, akainua mikono.