Isale la Mama Goodness

Yuditha, fundi cherehani wa Machame, ana ugonjwa ambao daktari anauita baipola. Yeye huueleza kama mtu wa mlimani. Kuna majuma anashuka, mpaka kuchana nywele tu kunahitaji msaragambo wa kijiji kizima. Kuna majuma anapanda: halali, hachoki, na kila wazo linalomjia linang'aa kama Kibo alfajiri. Dawa humshika katikati. Huzimeza kila siku kwa chai, kutoka kopo la vifungo, na kwa kuwa zinamtetemesha vidole kidogo, mumewe Aminieli ndiye humtungia uzi kwenye sindano. Mwanamume wa miaka sitini, miwani puani, analamba uzi. Majirani walicheka mpaka wakachoka.

Mwaka juzi alipanda akiwa na kazi ya sare za kwaya. Magauni thelathini kwa siku nne, yote na mikono mipana kiasi kwamba waimbaji walipoinua mikono kusifu, washarika wa benchi la mbele walishika vilemba vyao. Kazi ikahamia kwa fundi wa Bomang'ombe. Mwaka huu kwaya imemrudishia kazi: magauni yawe tayari Pentekoste. Akiharibu tena, hakuna mara ya tatu.

Baada ya aibu ile alimwambia mumewe, "Ukiona napanda, usinihubirie. Niletee isale." Kwa Wachagga, anayeletewa jani hilo la mmea wa uzio na mtu anayeomba msamaha hawezi kukataa. "Ukinipa isale, nakwenda kliniki bila ubishi."

Mara mbili lilifanya kazi, majirani wakishuhudia.

Sasa zimebaki wiki tatu, na Yuditha analala saa mbili kwa usiku. Ameshamweleza ng'ombe mpango wa kufungua kiwanda. Ameanza kuitazama mikono ya magauni na kuiona midogo, haina imani. Anajisikia mzima kuliko watu wote wa Machame, na hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Jioni moja alimwona Aminieli akiukodolea macho uzio wa masale. Akafikiri haraka, siku hizo alifikiri haraka sana. Asubuhi, mumewe akiwa zizini anakamua, alichukua panga akafyeka mstari mzima.

"Mama Goodness! Umefanya nini?" Aminieli alitoka zizini mbio.

"Nafungua mwanga, Baba Goodness. Kushona kunataka mwanga."

Ila masale yale yalikuwa mpaka na jirani. Mzee Sifael alitokea migombani, buti mguu mmoja, ndala mguu wa pili.

"Mpaka wa babu yangu! Leo masale, kesho utasema na migomba ni yako!"

"Shikamoo, mzee," alisema Yuditha.

"Marahaba! Na usinipoze kwa shikamoo!"

"Nisamehe, mzee wangu."

"Kwa mikono mitupu? Isale liko wapi?"

Wote watatu wakatazama visiki.

Yuditha akakimbilia nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la baba mkwe. Pale masale yalikuwa bado yamesimama. Hata akiwa juu namna gani, hakuthubutu kumfyekea baba mkwe. Akarudi na jani moja, akalitoa kwa mikono miwili. Mzee Sifael akalipokea.

"Basi. Yamekwisha."

Lakini wiki nzima mzee huyu alikuwa akiamshwa na cherehani kabla ya jogoo. Akamgeukia Aminieli, akampa lile jani.

"Nadhani na wewe ulikuwa unalitafuta."

Aminieli akafuta povu la maziwa mkononi, akamnyooshea mkewe.

Kichwani mwa Yuditha sababu mia zilipanga foleni, zote nzuri.

"Hilo limeshatumika," alisema.

"Isale halichakai, mama," alijibu Mzee Sifael.

Yuditha alilitazama jani mpaka macho yakamlowa. Kisha akaangua kicheko.

"Ngojeni nivae viatu."

Kliniki ya Moshi ilimbadilishia kipimo cha dawa na kumwamuru alale. Magauni yalikwisha Jumamosi ya mkesha wa Pentekoste, polepole, Aminieli akilamba uzi. Mikono yote ilikuwa ya kawaida. Yuditha anasema inachosha hata kuitazama. Kwaya ilipoinua mikono, hakuna aliyeshika kilemba.

Vipande vya masale amevipanda tena mpakani. Kimoja amekipanda mwenyewe katika kopo la rangi, kando ya cherehani, mahali mkono wa Aminieli unapofika. Kila asubuhi, akishameza dawa, hukimwagia maji.

"Kunywa," hukiambia. "Kunywa, msaliti wewe."