Uzi Uliovutwa Kando ya Jeneza

Wasomaji wangu, Jumatatu nililetewa habari kutoka Tororo kwamba yule fundi wa magari mwenye banda kwenye njia ya kiwanda cha saruji, chini ya lile jiwe kubwa, amefariki. Mapafu yalimsumbua tangu mvua za kwanza. Tulifahamiana tangu kabla ya uhuru, na baada ya ajali nitakayowasimulia sikumsikia akicheka tena. Nimehuzunika, na ninaandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mniwie radhi.

Mnawajua vijana wetu na uchu wao wa magari ya mashindano. Siku hizi kila mwenye gari dogo, Busia na Malaba, anataka lilale chini karibu liguse barabara. Fundi aliwakatia springi kwa msumeno, lakini gari halikuondoka bandani hapo hapo. Springi zikifupishwa, magurudumu ya mbele huacha kutazama njia moja, kila moja likavuta upande wake. Basi alinyoosha uzi wa kushonea nyavu ubavuni mwa gari, kuanzia gurudumu la nyuma mpaka la mbele, akapima, akalegeza vyuma vya usukani, akakaza, akapima tena. Wateja walinung'unika, naye alijifanya hasikii.

Siku moja nilikuwa pale nikisubiri gari langu, akaja shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza vitenge wa Busia, kuchukua la kwake. Springi zilikwisha kukatwa, uzi ulikuwa bado. Shemeji alikuja na mama yake, na yule mama alikuwa ameshaketi kiti cha mbele. Mgeni anaweza asielewe, lakini sisi wa huku tunajua kwamba mwanamume hamkaribii mama mkwe wake, hamtazami usoni wala hapazi sauti mbele yake. Fundi alijificha nyuma ya banda, akanituma mimi.

"Mwambie shemeji gari bado. Itamvuta."

Nikaupeleka ujumbe. Shemeji akacheka. "Mwambie nakwenda pole pole. Mama amechoka, hawezi ngoja mpaka jioni."

Nilirudi nikamwambia fundi aende mwenyewe akazime injini. Aliinamisha kichwa. "Mama iko ndani," alisema. "Nitapita wapi mimi?"

Gari liliacha barabara kwenye mteremko, njia ya Busia. Shemeji alivunjika mguu. Mama tulimzika Jumamosi.

Watu walimfariji fundi kwa maneno mazuri. Walisema ni mapenzi ya Mungu, na kwamba yeye alikuwa mkwe mwenye adabu mpaka mwisho. Hakuna aliyemlaumu, hata mkewe aliyefiwa na mama, na nadhani hilo ndilo lililommaliza. "Wangenipiga, ningelala," aliniambia siku moja tukinywa chai. Tangu hapo alikuwa akiwafokea wateja wasiotaka kungoja, wakubwa kwa wadogo, na wakamwita mtovu wa adabu.

Jumatano tulikwenda kumchukua hospitali tumpeleke kwao Kiyeyi. Pikapu ya kubebea jeneza ilikuwa ya mteja wake. Springi zake zilikatwa bandani wakati fundi yuko kitandani hospitali, na mafundi wenzake wote waliosimama pale walijua uzi haujavutwa. Lakini baba mzazi wa marehemu alikuwa ameshaketi mbele, amekumbatia fimbo yake. Nani angemwambia mzee aliyefiwa na mwanawe ashuke? Tukatazamana, tukatazama chini. Injini ikawashwa, akina mama wakaanza wimbo wa kanisani.

Ndipo mjane akatoka katikati ya wanawake akasimama mbele ya pikapu. Miaka yote ya ndoa yake alimwandalia mkwe wake chakula akiwa amepiga magoti, na hakuwahi kumtazama usoni. Sasa alimtazama.

"Baba, nisamehe," alisema. "Zima gari. Hii gari haijapimwa. Mama yangu alikufa kwa sababu ya adabu. Leo hakuna mtu anatoka hapa mpaka wavute uzi."

Wimbo ukakatika. Mwanamke mmoja alijishika mdomo. Mzee alifungua mlango, akashuka taratibu, akauliza uzi uko wapi. Ulipoletwa, aliishika ncha moja mwenyewe, akachuchumaa kando ya gurudumu, mwanawe akiwa juu yake ndani ya sanduku. Mafundi walipima, wakakaza, wakapima tena. Tulifika makaburini tumechelewa na mchungaji amekasirika.

Adabu tuliyolelewa nayo ni njema, na wanangu nimewafunza hiyo hiyo. Lakini nimewaongezea jambo moja wiki hii. Mkwe wako akiketi ndani ya gari bovu, nenda, mtazame usoni, umwambie ashuke. Akikasirika, atakuwa hai.