Nilijibu "Karibu" ndani ya msitu wa Sokoke, mgeni akanifuata nyumbani

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Nimesoma uzi wa wapiga picha wa porini nikakumbuka jambo lililonipata miaka ya themanini huku kwetu Kilifi. Anayetaka kucheka acheke, lakini dada yangu mdogo yupo hai na ni shahidi.

Nilikuwa nimemaliza form four. Kazi hakuna, miguu haitulii.

Mjomba aliniachia kamera kuukuu, nikajipa mradi: kupiga picha mti mmoja kule Sokoke, kiangazi kikiisha, kisha tena masika yakikolea. Filamu zilikuwa ghali, hupigi ovyo kama siku hizi za simu.

Siku ile ya kwanza majani yalikuwa makavu, kila hatua inalia kama unavunja kaukau za viazi. Ndege wote kimya.

Jicho langu liko kwenye kamera, nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yangu, taratibu:

"Hodi."

Nami mtoto wa Kigiriama niliyelelewa vyema, bila kugeuka, nikajibu: "Karibu!"

Kugeuka, hakuna mtu. Na yale majani hayakulia.

Hapo ndipo nikajiuliza: hodi ya wapi, na hapa hakuna mlango?

Nikarudi nyumbani mbio. Jioni, mdogo wangu Kadzo, bado mtoto kabisa, akamega sima yake akaiweka mbele ya kigoda kitupu. Kesho yake akaiweka yote.

"Mgeni ana njaa," akasema.

Kulipokucha tena hakuweza hata kuketi. Mwili moto, macho yameingia ndani, na bado anakiangalia kile kigoda.

Mama akanigeukia. "We Karisa, huko porini umemkaribisha nani?"

Nikamweleza.

"Ati ukaitika! Mtu humwoni, wewe karibu! Hiyo adabu yako itatuzikia mtoto!"

"Sasa tumfukuze vipi?"

"Mgeni hafukuzwi. Leo siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

Wakuu, methali mnaijua.

Mama akaleta jembe lake, akafunga kipande cha leso nyekundu kwenye mpini, akaliegemeza kwenye kigoda. Akasema kwa upole, kama anaongea na jirani:

"Mwenzangu, siku mbili tumekula pamoja. Mvua i karibu. Jembe hili, ukalime kwako."

Asubuhi jembe halikuwepo. Mlango ulikuwa bado na komeo kwa ndani.

Kadzo akaamka akidai uji. Akamaliza, akadai mwingine. Mama akaenda nyuma ya nyumba kulia peke yake. Mchana ule mvua ikanyesha.

Masika yalipokolea nilirudi kumalizia mradi. Mti uleule, kijani kitupu, mtu hakuna. Nikapiga picha moja, nikaondoka.

Fundi wa studio Malindi akanikabidhi picha huku akiuliza: "Huyu mama mwenye jembe ni nani wako?"

Mpini una kitambaa.

Nilimficha Kadzo ile picha, akaiona hivyo hivyo. Hakuogopa. Aliitazama kidogo, akatabasamu.

"Ah. Amenenepa."

Funzo langu ni dogo: ukisikia hodi, kwanza tazama kama kuna mlango.

Wenzangu wa Pwani, na nyinyi wa bara, kwenu huwa mnafanyaje? Semeni.

Picha ninayo mpaka leo. Msiniombe niiweke hapa. Nikishaiweka, nitakuwa nimemkaribisha kwenu.