Msusi Anayetazama Vidole vya Miguu

Kwaru. Kwaru. Kijiko cha mbao kinakwaruza bakuli la plastiki gizani. Ni saa kumi na moja alfajiri, umeme umekatika mtaa wa Kanyenye tangu jana, na Imakulata Ngollo (38) amechutama jikoni kwake, simu yenye tochi ameibana kati ya shingo na bega.

Hapiki. Anajaribu dawa ya kulainisha nywele.

Kwenye sahani kuna kishungi cha nywele zake mwenyewe, alichokikata wiki iliyopita na kukifunga uzi. Anakipaka dawa aliyochota kwenye kopo jipya, kisha anavua rozari shingoni na kuanza kusali. Kila kumi moja la rozari, anasema, ni kama dakika nne.

“Nikimaliza makumi matatu, nywele zinatakiwa ziwe zimelala. Zikikatika kabla ya hapo, dawa hiyo haigusi kichwa cha mtu.”

Leo hafiki mbali. Kwenye kumi la pili anavuta uzi taratibu, na nusu ya kishungi inabaki kwenye sahani kama uji ulioganda. Ananusa. Anafunika kopo na kulisukuma kwa mguu mpaka ukutani.

“Wamechanganya kitu hapa,” anasema.

Nani kachanganya? Hajui, na hilo ndilo linalomnyima raha. Dawa nyingi anazotumia hutoka kwenye ndoo kubwa zinazofunguliwa dukani na kuuzwa kwa kupimiwa. Nyingine huja kwa treni kutoka Kigoma, maandishi yake Kifaransa.

“Kuna ndoo niliibandua lebo, chini yake nikakuta lebo nyingine. Sasa niamini ya juu au ya chini?”

Arif, muuza vipodozi anayemuuzia dawa hizo, hucheka akimwona anakuja. “Dada Ima, wewe ungefaa polisi,” humtania. “Wenzako wananunua, wanashukuru, wanaondoka. Wewe unanusa!”

“Hao wanaoshukuru wamekuonyesha vichwa vyao?” humjibu.

Imakulata alizaliwa Sikonge, kwa baba mkulima wa tumbaku, akaja mjini akiwa na miaka kumi na minane kujifunza kazi kwenye saluni ya mama yake mdogo. Kitu cha kwanza alichofundishwa ni maneno ambayo kila mwanamke aliyewahi kukaa kwenye kiti cha saluni anayajua: ikiwasha, ndiyo inashika.

Kwa miaka kumi na minne alikoroga dawa kwa mikono mitupu. Glavu alianza kuvaa kucha zilipoanza kubanduka. Kichwani kwake mwenyewe alirudia dawa kila baada ya wiki sita, hata alipokuwa na vidonda ambavyo havijakauka.

Mwaka juzi alifanyiwa upasuaji wa kuondoa vivimbe kwenye kizazi. Baada ya upasuaji alimuuliza daktari kama chanzo ni dawa ya nywele.

“Akaniambia, ‘Mama, siwezi kusema ndiyo, na siwezi kusema hapana.’ Angesema hapana ningelala. Angesema ndiyo ningeacha siku hiyo hiyo. Sasa akaniacha katikati.”

Katikati hapo ndipo walipo wengi. Zipo tafiti zilizofanywa nje ya nchi zinazohusisha dawa za kulainisha nywele na vivimbe hivyo, na hata saratani ya kizazi, hasa kwa wanaozitumia mara kwa mara kwa miaka mingi. Hazijathibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo. Kuunguza ngozi ya kichwa, hilo halina ubishi.

Tatizo ni kwamba wateja hawasemi. Mwanamke aliyelipa shilingi elfu kumi na tano anajua akilalamika ataoshwa mapema, na nywele hazitanyooka. Basi anauma meno.

“Wananidanganya, dada mwandishi. Namuuliza, ‘Inawasha?’ Anasema, ‘Aah, bado kabisa,’ huku machozi yanamlengalenga. Siku hizi siulizi mdomo. Natazama vidole vya miguu. Vikijikunja tu ndani ya kandambili, namvuta kwenye maji, apende asipende.”

Njia hiyo imemsaidia kwa watu wazima. Kwa mtoto ilimwangusha. Mwaka jana aliletewa msichana wa miaka sita, miguu haifiki chini. Alikuwa anaichezesha, na Imakulata akadhani anacheza.

“Nilipomwosha, ngozi ilikuja na maji,” anasema.

Tangu siku hiyo hamwekei mtoto dawa. Uamuzi huo unamgharimu, maana Desemba ni mwezi wa mahafali ya chekechea. Wiki kama hii zamani alihudumia vichwa ishirini. Sasa havifiki saba, na kodi ya fremu ni elfu sitini kila mwezi.

Saa nne asubuhi, mtihani wenyewe unaingia mlangoni mwa saluni yake. Ni Gaudensia, mke wa kaka yake, kavaa kilemba kilichoshuka hadi masikioni ingawa jua ni kali. Amemshika mkono binti yake Veneranda, miaka mitano. Mahafali ni Jumamosi.

“Shikamoo shangazi,” anasema mtoto.

“Marahaba, mama. Njoo nikusuke.”

“Hasukwi huyu,” Gaudensia anadakia. “Anawekwa dawa kama wenzake. Au unataka mwanangu aonekane katoka shamba?”

“Wifi, nilishasema. Mtoto, hapana.”

“Una nongwa wewe! Na wewe mwandishi, andika hapo, wifi yangu ana nongwa. Ukimaliza kufukuza wateja utakula nini?”

Imakulata anajibu huku akifagia. Anataka mpaka Pasaka awe ameachana na dawa kabisa. Tayari anafundisha wasichana wawili kusuka, na anatunza nywele zisizo na dawa kwa maji ya moto na mafuta ya nazi. Anaamini wateja watarudi, mmoja mmoja.

“Basi nampeleka nilikokwenda mimi,” anasema Gaudensia. “Wiki mbili zilizopita walinihudumia vizuri. Sikuungua hata kidogo.”

Ufagio unasimama. “Hukuungua?”

“Hata kidogo.”

“Basi fungua kilemba nione.”

“Nifungue kilemba mbele za watu, kwani mimi mwehu?”

Gaudensia ananyoosha mkono kumvuta binti yake, lakini Veneranda hasogei. Anamtazama shangazi yake.

“Mama ana kidonda nyuma ya sikio.”