Bwana Siku Tano

Baba yangu alikuja katika mji huu kutembea kwa siku tano, na leo ni mwaka wa ishirini na saba hajaondoka. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Siku Tano. Wateja wageni hudhani ni jina la biashara, kwamba ukileta kiatu leo utakipata baada ya siku tano, na kusema kweli kuna viatu kwenye lile sanduku lake ambavyo vingeishukuru bahati hiyo.

Wakati huo alikuwa kijana, fundi viatu kutoka nchi jirani, aliyejinyima mwaka mzima ili naye aone dunia. Alishuka kwenye basi na kamera ya kuazima ikining'inia shingoni. Siku ya pili akakatiza uwanja ulio mbele ya stendi, akakuta watu wamezunguka kreti lililopinduliwa. Juu ya kreti zimelala karata tatu kifudifudi, mbili nyeusi na moja nyekundu. Weka pesa, onyesha nyekundu ilipo, chukua mara mbili. Alipotoka hapo alibaki na kamera tu, na hiyo kamera yenyewe si yake. Nauli ya kurudi kwao ilikwenda yote. Akaazima nyundo, akaketi kwenye kona ya uwanja uleule, akaanza kushona viatu ili apate ya kurudia. Kona hiyo ndiyo tuliyopo mpaka sasa, yeye na viatu vyake, mimi binti yake na zipu zangu za mabegi.

Hivyo ndivyo anavyoisimulia Baba, na humsimulia yeyote anayekalia kiti chake cha wateja, akijicheka mpaka anafuta machozi kwa kitambaa chenye rangi ya viatu. Watu humcheka pamoja naye. Mzee wa magazeti akimwona mgeni ameliwa pale kwenye kreti hupaza sauti, "Siku Tano, umepata ndugu!"

Ila kuna kipande ambacho hakimo kwenye hadithi hiyo, nacho ni Mama.

Siku ile, kabla Baba hajatoa pesa yake, kulikuwa na dada mmoja aliyecheza akashinda mara tatu mfululizo, akashangilia na kumkumbatia mtu asiyemjua. Yeye ndiye aliyewafanya watu waamini. Dada huyo alikuwa mtu wao, na kazi yake ilikuwa kushinda. Alikuwa akishinda kutwa, kisha jioni anarudisha ushindi wote na kupewa ujira wake. Leo hii ndiye mama yangu.

Aliniambia mwenyewe nilipokuwa na miaka kumi na tisa, tukikunja mashuka, na shuka la pili halijaisha alikuwa ameshaniapisha.

"Baba yako akijua, nimekwisha," alisema. "Atasema maisha yake yote ni karata niliyomchezea."

"Mama, hayo ni ya zamani."

"Ya zamani kwako. Mimi ndiye ninayelala na mwenye nauli."

Aliiacha kazi hiyo wiki ileile, na mwezi wa nane wakaoana. Lakini hofu haikumwacha. Baba akianza tu, "Basi nikafika pale kwenye kreti," Mama hukumbuka sufuria la kusugua. Tuna masufuria safi kupindukia nyumbani kwetu. Na mimi niliyeapishwa nimekalia kuti kavu miaka yote, maana kutunza siri si kipaji changu, na nilimkasirikia Mama kwa kunitwisha mzigo ambao sikuuomba.

Wenyewe hawagombani, isipokuwa kwa jambo moja dogo, uzi. Baba ni fundi wa kweli. Kiatu cha mteja kikiwa cha kahawia, atatafuta uzi wa kahawia ileile hata kama ni kuzunguka maduka matatu. Lakini viatu vya mke wake, viwe vyeusi, viwe vyekundu, hushonwa kwa uzi wa bluu. Mama alishasema mpaka akachoka. "Mkono wa birika huyu! Mabaki yote ananimalizia mimi." Mwaka mmoja alimpelekea viatu vyeupe vya kuvaa harusini, akarudishiwa na mshono wa bluu kuzunguka kiatu chote. Akavivaa kwa kuwa hakuwa na vingine, akamnunia siku nne, kisha akavitupa chini ya kitanda. Baba huwa anasema tu, "Uzi wa bluu ni imara," na kuendelea kugonga.

Sasa, Alhamisi iliyopita.

Karata bado zinachezwa pale uwanjani, na vijana wapya kwenye kreti jipya. Kati yao na Baba kuna makubaliano ambayo hayajawahi kutamkwa. Baba hapigi kelele kuharibu biashara yao, nao hawamwiti mtu aliyevua kiatu kwake. Ukishakuwa peku kwenye kile kiti, wewe ni wa Siku Tano. Kwa hiyo kiatu cha mtalii kwa Baba hakiishi haraka.

Akaja mama mmoja wa makamo, mtalii, lugha yake ni hii yetu ila kwa lafudhi ya mbali. Alikuwa mkunga aliyestaafu, yuko safarini na wenzake, na kisigino cha kiatu chake kilikuwa kimeng'oka.

"Fundi, fanya upesi," alisema. "Nataka nikacheze pale."

"Pale wapi, mama?"

"Kwenye karata." Akainama, akashusha sauti. "Nimewatazama robo saa nzima. Ile nyekundu imekunjika kona. Mchezeshaji mwenyewe hajaona!"

Baba alinitazama, mimi nikaitazama zipu. Kila mgeni huiona kona hiyo, na kila mgeni hudhani ameiona peke yake. Hukunjwa makusudi na mwenzao mchezeshaji anapogeuka kukohoa. Pesa yako ikishatua juu ya kreti, vidole vya mchezeshaji huinyoosha na kuikunja nyeusi. Ndivyo wanavyoingizwa mjini watu wazima wenye vyeti vyao ukutani.

"Nipe na cha pili," Baba akasema.

"Cha pili hakina tatizo."

"Visigino lazima vilingane, mama. Utatembea upande kama kaa."

Akavua cha pili. Baba akavigeuza, akavipuliza, akatafuta gundi iliyokuwa mbele ya pua yake. Kule kwenye kreti dada mwenye kilemba cha kijani akashinda tena, akaruka. Mkunga akasimama.

"Naenda hivihivi. Nimezalisha watoto elfu mbili, nitaogopa kutembea peku?"

Hapo Baba akaweka nyundo chini.

"Mama yangu, yule dada ni mtu wao."

"Hata! Ni mgeni kama mimi. Amenieleza mpaka anakotoka."

"Mtazame miguuni. Raba ya kushoto ina kiraka kwenye kidole gumba. Kiraka hicho nimekibandika mimi, mwezi wa pili. Asubuhi na mapema alikuwa na koti na miwani. Watu hawa hubadilisha kila kitu isipokuwa viatu, maana jozi ya pili ni gharama."

Mkunga akatazama, akakaa polepole. "Mwanaume gani anatazama miguu?"

"Fundi viatu. Uso hufuata baadaye."

Wakati huohuo nikamwona Mama. Alikuwa anakuja nyuma ya Baba na chupa ya chai na vikombe, kama kila siku saa nne. Nikakohoa.

"Kunywa maji," Baba akaniambia bila kugeuka. "Hata mimi, mama, siku niliyoliwa pale, niliona."

Nikakohoa tena, na sasa kilikuwa kikohozi cha kweli. Mama alikuwa amesimama hatua tano nyuma yake, hasogei mbele wala harudi.

"Uliona nini?" mkunga akauliza.

"Dada aliyekuwa akishinda. Asubuhi alikuwa na kitambaa chekundu kichwani na anajiita jina hili. Mchana kitambaa cha madoa na jina lingine. Lakini kiatu cha kushoto ni kilekile. Mkanda ulikatika ukashonwa kwa uzi wa bluu, na umeshonwa vibaya, mama, vibaya mno! Mshono wa mtu aliyejishonea mwenyewe kwa sindano ya nguo."

"Kwa hiyo ulijua ni mwenzao."

"Nilijua kabla sijatoa hata senti moja."

"Na bado ukacheza?"

"Sasa ningefanyaje? Asiyecheza walikuwa wanamsukuma, anaziba nafasi. Mimi nilitaka kubaki nimesimama pale. Kila nikiweka pesa, napata dakika mbili tatu za kumtazama. Pesa ilipokwisha ndipo nilipokumbuka kwamba ilikuwa nauli."

Mkunga alicheka mpaka akashika magoti. "Na huyo dada aliishia wapi?"

"Siku ya tatu aliniletea kile kiatu nikishone vizuri."

Kikombe kikaanguka. Baba akageuka.

Mama aliikumbatia chupa ya chai kifuani. Alikuwa mdogo ghafla.

"Ulijua?" akasema.

"Nilijua."

"Miaka ishirini na saba nimesugua masufuria, na wewe ulijua?"

"Nilidhani unajua kwamba najua," Baba akasema, na nikaona kweli amechanganyikiwa. "Mbona nimekuwa nikikwambia?"

"Umeniambia lini, wewe mwanaume?"

Baba akateremka kwenye kigoda, akapiga goti kwenye vumbi, akaugusa mguu wa mke wake. Siku hiyo alikuwa amevaa viatu vyeusi. Akapitisha kidole juu ya mshono wa bluu, kuanzia kwenye kisigino mpaka mbele.

"Hapa," akasema.

Mama alivitazama viatu vyake. Halafu akalia, halafu akacheka, kisha akapandwa na hasira, yote bila kupumzika katikati.

"Tapeli mkubwa ni wewe," akamwambia. "Mimi nilikudanganya mchana mmoja tu!"

Akammiminia chai mkunga, akanimiminia mimi, akafunga chupa. Baba hakupewa. Mkunga akanywa kikombe chake chote bila kuvidai viatu, na alipovaa akaondoka kupitia upande mwingine wa uwanja.

Kesho yake, Ijumaa ya kawaida isiyo na harusi ya mtu yeyote, Mama alikwenda sokoni amevaa vile viatu vyeupe vya chini ya kitanda. Alipita polepole mbele ya kreti. Mchezeshaji ni kijana, hamjui, akamwita, "Mama, karibu, jaribu bahati yako!"

"Hapo nilishashinda mara moja, mwanangu," Mama akamjibu, "na sikurudisha." Akaendelea na safari yake ya sokoni.