Sketi Aliyoishona Nesi

Tulikuwa mimi, mama yangu, Nesi Yudita aliyemzalisha mama, na Mama Tatu, karani wa posta, rafiki wa nesi. Chama chao cha wanawake wa kazi za mshahara kilitushonea sare za shule sisi watoto wa kijiji cha Zuzu.

Leo zahanati wamempaka mjukuu wangu spiriti, nikakumbuka. Siku ile ya kushona sketi yangu, cherehani ya chama ilikatika mkanda, na bila sketi kesho yake ningefukuzwa darasani. Nesi akashika sindano, kila mchomo akaufunga fundo lake, kama anashona kidonda.

"Mwenzangu, huyo hajapasuliwa!" Mama Tatu akamcheka.

"Niache. Mkono wangu ndivyo ulivyofundishwa."

Sketi ilinukia spiriti. Niliivaa, wakaivaa wadogo zangu. Kitambaa kikachakaa, pindo halikuachia.

Kama jina la karani nimelikosea, mnisahihishe. La nesi sikosei.