Wageni Waliokataa Kula

Ukiingia nyumbani kwetu Mkuyuni asubuhi, kabla hujaona mtu ulipokelewa na harufu ya dagaa. Waliletwa kwenye ndoo, kwenye viroba, kwenye vikapu vilivyofunikwa kwa khanga, pamoja na michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, na kuku wa kienyeji waliofungwa miguu wakalazwa kwenye korido. Zote zilikuwa zawadi za mheshimiwa. Mheshimiwa mwenyewe alikuwa mama yangu, mbunge wa jimbo moja la ng'ambo ya ziwa, upande wa Busisi, na alishakuwa mbunge kabla mimi sijajua kutembea. Wapiga kura wake walivuka kwa kivuko alfajiri, wakapanda gari hadi kwetu, wakaketi kwenye viti, kwenye ngazi na kwenye matofali yaliyobaki tulipojenga uzio, wakingoja atoke. Huyu mwanawe kafukuzwa shule, yule ng'ombe wake wamekamatwa, mwingine hana shida yoyote ila amepita kusalimia na atalala. Nikienda shule niliwaruka miguu huku nikigawa shikamoo kulia na kushoto, na nikirudi jioni nilikuta miguu mingine.

Sheria ya mama ilikuwa moja tu, kwamba mgeni haondoki kwake na njaa. Dada wa jikoni alikuwa akisonga ugali kwenye sufuria ambayo sisi watatu, baba, mama na mimi, tungeweza kuoga humo. Baba, Mhaya wa Bukoba na mwalimu wa hesabu wa sekondari, alisahihisha madaftari chumbani kwa sababu sebule haikuwa yake. Mama alifika Ijumaa kutoka Dodoma, Jumamosi akavuka kwenda jimboni, Jumapili akarudi na vumbi kwenye nyusi, Jumatatu hayupo. Hata kukaa alikaa upande, na viatu miguuni. Watu wazima waliomzidi umri walimwita mayu, ndiyo mama kwa Kisukuma, na kila nilipolisikia neno hilo niliingia ndani. Nilikuwa na wivu, tena mkali, na sioni sababu ya kuupamba. Mama alikuwa mmoja, sisi tulikuwa jimbo zima.

Kwa hiyo fikiria furaha yangu Jumapili ile, nikiwa darasa la saba, aliposema mezani kwamba hagombei tena. Alisema akichambua miiba ya samaki, bila kutuangalia, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Baba aliweka kijiko chini. Mama akaendelea kwamba uchaguzi ni mwaka huu huu, mimi nitamaliza mtihani Septemba, Januari nitakwenda bweni, na miezi ile ya katikati anataka awe nyumbani na mimi. Tutapanda meli ya Bukoba, sisi wawili tu, tukakae kwa bibi mzaa baba mpaka tuchoke ndizi. Nilimwuliza mara mbili kama kweli. Akasema kweli, na alishawaambia viongozi wake wa jimbo watafute mtu. Kuanzia siku hiyo nilianza kupanga nguo za safari, nikazikunja, nikazikunjua, nikazipanga upya, na darasani nilichora meli pembezoni mwa kila daftari mpaka mwalimu wa jiografia akaniita nahodha.

Ikafika likizo ya Juni, Bunge likamaliza kikao chake, mama akawa nyumbani. Wageni walipungua, kisha wakakatika. Korido ikaoshwa kwa sabuni na harufu ya dagaa ikatoka, na mimi nikaona sasa tunaanza kuishi. Lakini mama hakutulia. Alihamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ule, akalirudisha. Alianza kunisuka nywele, akasikia gari barabarani, akaenda dirishani na kitana mkononi, akarudi akiwa amesahau msuko aliofikia, nikatembea siku mbili na kichwa cha mitindo miwili. Geti likigongwa alitangulia yeye kulifungua, akakuta muuza mkaa, akamwuliza habari za kwao na watoto wake wanasoma wapi. Baba alikuwa akimwangalia juu ya miwani. Mimi nilijiambia ni uchovu unamtoka, kama homa inavyotoka, na kwamba wiki ijayo atazoea.

Wiki iliyofuata wakaja wanawake. Geti lilifunguliwa asubuhi wakaingia kwa mstari, wamevaa khanga mpya, bila ndoo, bila kuku, mikono mitupu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Aliyewaongoza tulimfahamu. Alikuwa Mama Kabula, mkaushaji dagaa wa ufukweni kule ng'ambo, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia mitumbwi. Walisalimu, wakaketi chini kwenye majani, wakanyoosha miguu. Dada akawapelekea chai na viazi. Wakashukuru, hawakugusa. Mchana kukawa na ugali na sato wa kukaanga, tena wakubwa, maana mama mwenyewe alikuwa amemtuma dada sokoni. Wakanawa mikono kwa heshima, sinia zikakaa katikati yao, na hakuna aliyemega tonge. Nzi wakaanza kuja. Mama akatoka barazani.

"Mama Kabula, chakula kinapoa."

"Tunakiona, mayu. Sisi hatuli mpaka utuambie utakwenda kuchukua fomu ya kugombea."

Kama hujaishi kule kwetu huenda ukaona ni kitu kidogo. Mtu kuja kwako na kukataa chakula chako, akiwa ametoka mbali na amenawa kabisa, ni kukuambia kwamba leo hayupo kwako kama mgeni. Na kwa mama, aliyejenga jina lake lote juu ya sufuria ile, ilikuwa wamemshika mahali penyewe. Alijaribu kucheka. Alijaribu kueleza kwamba wapo vijana wazuri, wamesoma. Wakamsikiliza vizuri kabisa, wakatikisa vichwa, na samaki wakaendelea kukauka. Ndipo mimi nilipotoka ndani. Sikuwa nimetumwa na mtu, na baba aliyekuwa mlangoni alinyoosha mkono kunizuia akachelewa. Nilisimama mbele yao na nywele zangu za mitindo miwili nikawaambia wakatafute mbunge mwingine, wapo wengi, mimi mama mwingine sina. Niliwaambia huyu amepumzika. Nadhani niliwaambia pia waondoke, na shikamoo sikuitoa.

Nilitegemea kofi. Mama Kabula alinitazama bila hasira, akapapasa majani kando yake nikae, nikakataa.

"Koku mwanangu, sikia," akasema. "Mimi binti yangu alishikwa na uchungu kwenye foleni ya kivuko, kivuko hakiji na gari la kurudi hatuna. Mama yako alikuwa anarudi huku kwenu. Alishuka, akatoa gari lake na dereva wampeleke mtoto hospitali, yeye akabaki amekaa juu ya jiwe na sisi mpaka jua likazama. Alituambia siku hiyo wewe ulikuwa unamngoja kanisani. Na sisi huwa tunamngoja. Sasa tufanyeje?"

Siku ile niliikumbuka. Ilikuwa siku ya kipaimara changu, nikamsubiri kwenye mlango wa kanisa na gauni jeupe mpaka sakristani akaja kufunga. Hakuwahi kutuambia alikuwa wapi, alisema kivuko tu. Nilitamani kubaki na hasira yangu nzima nzima kama nilivyokuja nayo, lakini swali la yule mama lilikuwa swali la kweli. Nikamgeukia mama ili ajibu yeye. Alikuwa ameshika nguzo ya baraza. Aliwaangalia wale wanawake mmoja mmoja, akaniangalia mimi kidogo tu, kisha akasema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kila siku, "Haya. Karibuni chakula."

Vigelegele vilipasuka mpaka majirani wakachungulia juu ya uzio. Mikono ikaingia kwenye sinia, miiba ikaruka, mtu akaomba pilipili. Mimi nikaenda kulala kitandani na viatu, nikatangaza kwamba mimi pia sili mpaka mama aache ubunge. Kama njia ile imefanya kazi kwa watu wa Busisi, nilifikiri, itafanya na kwangu. Jioni mama akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, na kwa mara ya kwanza akavua viatu. Nilidhani atanibembeleza kwa kusema wamemlazimisha, kwamba ni wajibu, kwamba nchi inamwita. Maneno hayo ningeyaweza. Aliniambia kitu kingine.

"Usiwachukie wale. Tangu nilipowaambia sigombei tena, geti likigongwa moyo unaruka. Nilikuwa naomba waje, Koku. Kazi hii naipenda."

"Kuliko mimi?"

Alifikiri, na mpaka leo namheshimu kwa kufikiri, ingawa usiku ule ulinichoma. Akasema si kuliko mimi. Akasema mimi nikikosa mama kwa wiki nina baba, nina bibi, nina dada, na yeye akikosa kazi ile hajui atakuwa nani. Halafu akalia, nami nikalia kwa kuwa sikuwahi kumwona akilia. Mgomo wangu wa kula haukufika asubuhi. Baba aliniletea ndizi na maharage nikazimaliza zote, akachukua sahani, akaniachia na glasi ya maziwa.

Kampeni zikaja, akazunguka mpaka sauti ikakauka, akashinda. Meli ya Bukoba nilipanda na baba. Mama alikuja bandarini kutuaga, lakini watu walimtambua, wakamzunguka, na nilipochungulia kutoka juu niliona kitambaa chake cha kichwa tu katikati ya vichwa vingine. Januari baba ndiye aliyenifikisha bweni na godoro langu. Nilisoma, nikaolewa, nikazaa, na mama akaendelea kushinda, awamu baada ya awamu, mpaka watoto waliozaliwa akiwa mbunge wakampigia kura. Kule bungeni alikuwa hachoki kudai daraja pale kwenye kivuko. Sasa daraja lipo, unavuka kabla hujamaliza kuongea na simu. Katika kura za maoni za mwisho ndani ya chama, wajumbe walimchagua kijana mmoja, amesoma, mwenye maneno mazuri. Mama alimpongeza mbele ya watu, akarudi Mkuyuni, na baba alipofariki nilimchukua akaishi kwangu Ilemela, kwenye nyumba tuliyoibandika juu ya mawe mlimani.

Kwa hiyo ninaye. Yupo nikiamka, yupo nikirudi kazini, binti yangu anamkuta nyumbani kila siku ya Mungu. Nilichokililia nikiwa na miaka kumi na miwili nimekabidhiwa chote, na sijui nikifanyie nini. Mtaa wetu ni wa watu waliohamia juzi, kila mmoja na geti lake, na hakuna anayemjua. Anavaa vizuri tangu asubuhi, anakaa upande wa kiti, simu mkononi. Anamhoji fundi wa maji kuhusu kijiji chao mpaka fundi anachelewa kwingine. Siku nyingine namkuta amesimama uani akiangalia ziwa upande wa kusini, namwita mara tatu ndipo asikie. Naumia kumwona hivyo, na kuna wakati nakasirika, nataka kumwuliza kwa nini sisi hatumtoshi, halafu nakumbuka alishaniambia.

Juzi majirani wawili waligombana nje ya geti letu. Kijana anayejenga juu yetu ameelekeza maji ya mvua yanaingia kwenye duka la mama wa chini, unga umelowa, na walikuwa wamefika kwenye matusi ya wazazi. Nilikuwa natafuta funguo za gari niondoke. Mama akanipita, akafungua geti, akawaambia kwa utulivu kwamba wataongea mmoja mmoja, aanze mwenye hasara. Wakashangaa wakanyamaza. Kisha kijana akamtazama kuanzia kitambaa mpaka viatu, akasema, "Samahani bibi, kwani wewe ni nani?"

Mwanamke aliyewahi kuwajibu mawaziri bila karatasi alirekebisha kitambaa chake cha kichwa. Akageuka kuniangalia mimi. Nilikuwa na jibu fupi, la kweli, kwamba ni mama yangu, ambalo utoto wangu wote nilitaka kulipaza mbele za watu. Nikaliacha.

"Huyu ni mheshimiwa mbunge," nikamwambia kijana. "Mwelezeni shida yenu."

Kijana akavua kofia, akaamkia shikamoo. Mama akaitikia marahaba, akaketi kwenye jiwe lililo kando ya geti, akamwambia mama wa duka aanze tangu mwanzo. Mimi nikarudi ndani, nikawaachia.